Uzamivu wa sayansi za tiba: yasemwayo Dodoma na yanayotakiwa kweli

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, habari za kurudi shule zimekuwa sehemu ya chai ya saa nne. Kule Mtumba, ziliko ofisi za wizara, kila idara ina mtu anayesema mwakani anaanza PhD, yaani uzamivu, na Chuo Kikuu cha Dodoma hakiko mbali. Hakuna ubaya. Tatizo ni kwamba anayelenga sayansi za tiba huchukua maelekezo kwa rafiki aliyesoma utawala au elimu, ambaye hajawahi kulala akiwaza friza. Katika fani hii kinachomkwamisha mtu mara nyingi si mtihani. Ni vibali, sampuli na daftari la maabara, vitu ambavyo havitajwi kwenye chai. Yanayotajwa ni haya.

"Ni miaka mitatu tu, tena jioni na wikiendi."

Mitatu ndiyo inayoandikwa kwenye kanuni za vyuo vyetu vingi kwa mwanafunzi wa muda wote. Anayesoma huku akifanya kazi huongezewa. Nje hali inatofautiana. Marekani, uzamivu wa fani hii kwa kawaida huchukua miaka mitano hadi sita, kwa sababu mwanafunzi anaanza na kozi za darasani, anapita maabara kadhaa kabla ya kuchagua moja, halafu anafanya mtihani wa kufuzu ndipo aruhusiwe kuendelea na tasnifu. Uingereza ni mitatu hadi minne, na darasani hukai sana. Kwa hiyo mtu akikuhesabia miaka, muulize kwanza ni ya wapi.

Habari ya wikiendi inategemea unachochunguza. Seli zinazokuzwa maabara hubadilishiwa chakula kila baada ya siku mbili tatu, hata kama wiki hiyo waziri wako anasoma bajeti bungeni. Mbu wanaofugwa kwa ajili ya utafiti wa malaria hawajui sikukuu. Mtumishi asiyeweza kupata ruhusa ya masomo achague swali linalojibika kwa takwimu za hospitali au sampuli zilizokwisha kuhifadhiwa kwa utaratibu. Ni uzamivu kamili, na usiruhusu mtu akudharau kwa hilo.

"Kibali ni barua tu, kitanifuata nikiwa field."

Hapa ndipo miaka inapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mfano uko hapa hapa. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu uliikumba mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Sumu hii hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, hasa mazao yaliyoteswa na ukame shambani au kuhifadhiwa kabla hayajakauka vizuri, na ini ndilo linaloumia zaidi. Tuseme mwanafunzi anataka kujua watoto wa wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, wanaibeba kiasi gani mwilini. Kipimo kizuri ni cha damu, kwa sababu sumu hujishikiza kwenye albumini, protini ambayo hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya siku 20 hivi. Kwa hiyo damu hiyo inaeleza mlo wa wiki nyingi zilizopita. Ugali wa jana ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

Swali ni zuri. Lakini kabla sindano haijamgusa mtoto yeyote, pendekezo la utafiti linatakiwa lipite idarani na kwenye kamati za chuo, kisha kamati ya maadili ilisome na kuliuliza maswali yake. Kama damu itasafirishwa kwenda kupimwa nje ya nchi, lazima NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iridhie, na kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli, ambao wenye kuusaini ni taasisi na si mwanafunzi peke yake. Kibali cha maadili cha NIMR chenyewe hudumu mwaka mmoja, halafu kinahuishwa kwa ripoti ya maendeleo. Wapo wanaokumbuka hilo wakiwa mwezi wa kumi na nne.

Baada ya hapo ndiyo zinaanza barua za chini: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji naye atataka aelezwe kwa nini damu, na ana haki ya kuuliza. Mwisho kabisa ni mzazi, anayesomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili anachokielewa, pengine kwa msaada wa jirani anayefasiri kwa Kirangi au Kisandawe. Anaweza kukataa, na fomu hiyo hiyo inamwambia kwamba anaweza. Data ulizozikusanya kabla ya kibali hazihalalishwi baadaye, hata kama msimamizi wako ni profesa mwenye jina.

Dodoma nayo ina lake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, mahindi yanavunwa kuanzia Mei hadi Julai au karibu na hapo. Utafiti unaolinganisha damu ya watoto kabla na baada ya mavuno hauna nafasi ya pili mpaka mwakani. Kibali kikichelewa miezi mitatu, kinachopotea ni mwaka mzima. Ndiyo maana namwona mwanafunzi anayeanza kuandika maombi ya maadili mwezi wa kwanza wa masomo kuwa mwerevu kuliko yule anayeutumia mwezi huo kununua kompyuta mpya.

Tuseme damu imepatikana. Inakaa kwenye boksi la barafu, inarudishwa mjini kwa barabara ya vumbi, inazungushwa kwenye mashine ndani ya saa chache ili seramu, yaani majimaji ya damu, itengane, inagawanywa kwenye vichupa vidogo na kuingizwa friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Namba ya kichupa iwe ileile iliyo kwenye fomu na kwenye daftari. Nimeshaona vichupa vilivyoandikwa kwa kalamu ya kawaida: spiriti na baridi vimekula namba zote, na damu ya mtoto aliyelia bure haina mwenyewe. Sampuli ya namna hiyo haiingii kwenye tasnifu. Na umeme ukikatika usiku, swali ni nani ana ufunguo wa chumba cha jenereta. Lijibu kabla ya kukusanya sampuli ya kwanza.

"Majibu yakija tofauti na ulivyotegemea, umefeli."

Hapana. Kama watoto wa vijiji viwili hawakutofautiana, na ulichukua sampuli za kutosha, na vipimo vyako vya udhibiti, vile vya kuhakiki kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi, vilikaa sawa, hayo ni matokeo. Kinachodaiwa ni mchango mpya uliopatikana kwa njia inayoweza kurudiwa na mtu mwingine. Watahini wanaogopa zaidi tasnifu ambayo kila kitu kimekubali. Vivyo hivyo hakuna anayekudai dawa ya saratani. Swali jembamba lililojibiwa mpaka mwisho linatosha, ingawa ndugu kijijini watashangaa kwamba umetumia miaka minne kwenye protini moja.

"Makala zikishatoka kwenye jarida, tasnifu ni mapambo."

Vyuo vingi hapa nchini vinadai makala, zilizochapishwa au zilizokubaliwa, kabla ya kuhitimu. Idadi imo kwenye kanuni za chuo chako, isome mwenyewe usiisikie kwa watu. Baadhi ya vyuo vinaruhusu tasnifu iundwe kwa makala hizo. Hata hivyo utaandika utangulizi na mjadala wa jumla unaozifunga pamoja, na kueleza ipi ni kazi yako pale ambapo waandishi mko sita. Sweden, ambako baadhi ya Watanzania wa fani za afya wamesomea, huo ndio mtindo uliozoeleka, na kuna desturi ya kuigongelea tasnifu msumari ukutani wiki kadhaa kabla ya utetezi ili yeyote aweze kuisoma na kuja kuuliza. Mimi desturi hiyo naipenda. Ingewaamsha wengi hapa.

Jambo moja ambalo hupitwa: majarida mazuri huchukua miezi kadhaa kurudisha majibu, na mara nyingi jibu la kwanza ni kukataa. Anayesubiri amalize tasnifu ndipo atume makala amejiongezea mwaka kwa mkono wake. Na yale majarida yanayokubali makala yako ndani ya siku nne mradi umelipa, kamati ya chuo inayajua.

"Msimamizi wangu atanivusha, na nikishatetea nimemaliza."

Saini ya msimamizi inakuruhusu kuwasilisha. Haikupi shahada. Tasnifu inakwenda kwa watahini, akiwemo wa nje kutoka chuo kingine ambaye hakujui wala hadaiwi chochote na wewe. Katika utetezi hawakuulizi ulichosoma. Wanauliza kwa nini watoto 200 na si 80, kwa nini ulitumia kipimo hiki na si kile, na nani aliyeviendesha vipimo. Kulipia maabara ikupimie si kosa. Kosa ni kushindwa kueleza mashine ilikuwa inafanya nini, au kubabaika ukiombwa data ghafi za jedwali la tatu. Daftari la maabara lenye tarehe ndilo linalokuokoa hapo, na halitungwi usiku wa kuamkia siku hiyo.

Wengi hupita kwa masharti ya marekebisho: madogo ya wiki chache, au makubwa ya miezi. Wapo wanaoambiwa waandike upya na kuwasilisha tena. Mtahini wa ndani au mwenyekiti wa jopo huthibitisha kwamba masahihisho yamefanyika, kisha nakala za mwisho zinakabidhiwa, na Seneti ya chuo inaidhinisha. Wapo waliotetea vizuri, wakafanyiwa sherehe ya nyama choma, wakarudi kazini na kuyaacha marekebisho kwenye flashi mpaka muda wa usajili ukaisha.

"Ukiwa na PhD ya sayansi za tiba, unaweza kutibu."

Anayetibu ni mwenye shahada ya udaktari wa binadamu, miaka mitano pamoja na mwaka wa mafunzo ya vitendo, aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtu aliyeanzia shahada ya baiolojia akaishia uzamivu wa sumukuvu hana leseni hiyo, hata akiitwa Dkt. mtaa mzima. Jirani akija jioni nyumbani kwako mtaa wa Kisasa na karatasi ya vipimo mkononi, aelekezwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Akitaka kujua kama mahindi yake ya ghalani yana ukungu, huyo akaribishwe ndani.