Hisa za kampuni za chipu: bei ndogo siyo unafuu

Tangu tuanze kampeni ya elimu ya uwekezaji hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni swali ni moja: "Kuna kampuni ya chipu iko chini sasa hivi, tuingie?" Chipu ni vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha simu, kompyuta na magari.

Kosa liko kwenye neno "chini". Juni 2024 Nvidia, kampuni ya chipu ya Marekani, iligawa kila hisa moja kuwa kumi, bei ikatoka kwenye dola 1,200 hivi hadi 120. Nimeonyeshwa ujumbe wa kundi la simu linalohimiza watu wanunue, unaoiita hiyo "ofa". Jamani! Mkate ukikatwa vipande kumi haujashuka bei. Unafuu wa hisa hupimwa kwa faida, mali na madeni ya kampuni, si kwa bei ya mwezi jana.

Hata kipimo hicho kina mtego, maana biashara ya chipu huenda kwa mawimbi. Mwaka 2021 zilikosekana hadi viwanda vya magari vikasimama. 2023 chipu za kumbukumbu zikajaa maghalani, na Micron, inayozitengeneza, ikapata hasara inayokaribia dola bilioni 6. Hisa huonekana nafuu zaidi pale faida ya mwaka uliopita ilipokuwa nono, yaani wimbi likikaribia kuvunjika. Waliodhani Intel, kampuni nyingine ya chipu, imeshuka vya kutosha waliona tarehe 2 Agosti 2024 ikiporomoka zaidi ya robo kwa siku moja, baada ya kutangaza kusitisha gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa. Mwaka uliofuata ikapanda tena. Sisemi msinunue.

Ninachosema ni utaratibu. Soko la Hisa la Dar es Salaam halina kampuni ya chipu, hivyo anayekununulia anapeleka fedha nje, na hapo Sheria ya Fedha za Kigeni inahusika. Anzia benki yako. Pia, kwa Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Sura ya 79, dalali na mshauri wa uwekezaji lazima wawe na leseni. Soma jina, aina ya leseni na tarehe ya kuisha, kisha linganisha na orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Leseni ya biashara ya halmashauri si leseni hiyo. Fedha huingia akaunti ya benki ya kampuni, haziendi kwenye namba ya simu ya mtu, nawe unapewa hati ya manunuzi. Kufanya kazi hii bila leseni ni jinai, na aliyewaandikisha majirani kwa mtu wa namna hiyo ajiandae kuhojiwa.

Hata hapa nyumbani, hatifungani ya kijani (mkopo unaochangwa na wawekezaji kwa miradi ya mazingira) ya Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ya 2024, shilingi bilioni 53.12 kwa riba ya asilimia 13.5, ilikuwa na waraka wa matarajio ulio wazi, ule unaomweleza mwekezaji anachonunua. Sijui wangapi kati ya wanaoniuliza habari za chipu waliufungua.

Aliyekwisha kutoa fedha kwa asiye na leseni alete malalamiko kwa maandishi: tarehe, kiasi, namba iliyopokea, risiti ya muamala. Picha ya skrini isiyoonyesha namba ya mtumaji haitusaidii. Na tafadhali, usijitoe kwenye lile kundi la simu kabla hujahifadhi mazungumzo.