Muziki wa anime ya fantasia haufuati picha kila mara

Wapenzi wengi wa anime (katuni za Kijapani) ya fantasia huamini kwamba kila kipande kwenye albamu ya muziki wake kilitungwa huku mtunzi akilitazama tukio lenyewe. Si ajabu, maana ngoma hudunda pale pale joka linapotua.

Kwa mifululizo ya televisheni ya Japani, kawaida mambo huenda kinyume. Mkurugenzi wa sauti humpa mtunzi orodha ya mahitaji: huzuni, safari, pambano, uchawi unaoamka. Vipande hurekodiwa mapema, mara nyingi kabla picha hazijakamilika, kisha mkurugenzi huyo wa sauti huvichagua, huvikata na kuvipachika. Kwa maoni yangu, kazi yake haisifiwi inavyostahili. Filamu za sinema ni habari nyingine; huko muziki mara nyingi hutungwa kwa kufuata picha.

Unaweza kupima mwenyewe. Chagua kipande kimoja cha albamu, kisikilize hadi mwisho, halafu kitafute katika vipindi. Huenda ukakikuta kimeanzia katikati hapa, kimefifishwa baada ya sekunde 40 kule, na filimbi ile ile ikisindikiza msiba leo na tukio la kuagana wiki ijayo. Tazama pia majina ya mwishoni: mtunzi na mkurugenzi wa sauti huandikwa kila mmoja peke yake.