Hatua ya saratani: namba ya kuitafuta kwanza kwenye ripoti ya mwaka

Ripoti ya mwaka ya kituo cha saratani huwa na hesabu nyingi: wagonjwa waliohudumiwa, wanawake waliochunguzwa, vijiji vilivyofikiwa na huduma mkoba, mashine zilizofungwa, tafiti zilizokamilika. Hesabu hizo hupanda na watu hupiga makofi. Mimi hutafuta kwanza namba ambayo mara nyingi haipewi hata mstari mmoja: wagonjwa wapya walifika wakiwa hatua ya ngapi?

Hatua, au steji kama inavyoitwa wodini, hueleza saratani imeenea kiasi gani siku ilipogunduliwa. Daktari huangalia ukubwa wa uvimbe na ulivyochimba, kama mitoki ya jirani imeshaguswa, na kama ugonjwa umefika viungo vya mbali kama ini, mapafu au mifupa. Majibu hayo hujumlishwa kuwa hatua ya kwanza hadi ya nne.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Katika hatua ya kwanza ipo kwenye mlango wa kizazi tu, na upasuaji unaweza kuimaliza. Ya pili imevuka hapo, lakini haijagusa ukuta wa nyonga. Ikifika ukutani, au ikibana mirija ya mkojo hadi figo zikaumia, hiyo ni ya tatu. Ya nne imeingia kwenye kibofu au njia ya haja kubwa, au imesambaa mbali. Takwimu za Marekani zinaonyesha pengo lenyewe: inapogunduliwa ikiwa haijatoka mahali pake, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5; ikiwa imesambaa mbali, hawafiki 2 kati ya 10.

Hatua si daraja. Daraja ni jinsi seli zinavyoonekana kwenye darubini, yaani zina ukali kiasi gani. Pia hatua haibadilishwi kwenye faili: aliyegunduliwa akiwa hatua ya pili, ugonjwa ukirudi kwenye mapafu miaka mitatu baadaye, bado anahesabiwa hatua ya pili iliyorudi. Saratani za damu zina utaratibu wake mwingine.

Sasa tuje Dodoma. Mama wa Chemba au Mpwapwa anaanza kutokwa damu baada ya tendo la ndoa. Ni jambo la aibu kulisema, hata kwa dada yake. Zahanati inampa dawa za maambukizi, mara ya kwanza na ya pili. Anajaribu mitishamba. Anafika kituo cha afya, anapewa rufaa ya mjini, labda Hospitali ya Mkoa au Benjamin Mkapa kule karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kinyama kinakatwa, majibu yanasubiriwa. Kila kituo kati ya hivi kinaweza kula miezi, na saratani haisubiri. Kisha kuna mionzi. Kwa miaka mingi ilipatikana Taasisi ya Saratani ya Ocean Road peke yake, Dar es Salaam, kilomita kama 450 kutoka hapa. Treni ya mwendokasi iliyoanza 2024 imepunguza saa za safari, lakini mionzi ya ugonjwa huu huchukua wiki 5 au zaidi, na mgonjwa lazima awe na pa kulala.

Ndiyo maana huduma mkoba ina uzito kuliko inavyoonekana kwenye picha za mahema na fulana. Kwa kipimo cha siki, muuguzi hupaka mlango wa kizazi siki iliyozimuliwa na kuangalia kama kuna sehemu zinazogeuka nyeupe. Mabadiliko hayo bado si saratani; kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani, au 5 hadi 10 kwa mwanamke mwenye VVU asiyetibiwa. Mara nyingi yanaweza kuchomwa siku hiyo hiyo. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, inazuia mapema zaidi. Wasichana hao bado ni vijana, kwa hiyo faida yake haitaonekana kwenye ripoti za karibuni, na asitokee mtu wa kuilaumu kwa hilo.

Namba hii nayo ina mtego. Kituo kikipata mashine ya CT, inayopiga picha za kina za ndani ya mwili, vivimbe vidogo vya mapafuni visivyoonekana zamani vitaonekana, na wagonjwa waliokuwa wakiandikwa hatua ya tatu wataandikwa ya nne. Hatua ya tatu itaonekana kupona vizuri zaidi kwa sababu walio dhaifu wameondoka. Ya nne nayo itaonekana kuwa na matokeo bora zaidi, maana waliohamia wana nafuu kuliko waliokuwepo. Hakuna hata mmoja aliyeongezewa siku. Daktari wa Marekani Alvan Feinstein na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1985. Ripoti ikisifia matokeo ya hatua moja moja, angalia kama vipimo vilibadilika mwaka huo.

Halafu tazama safu ya mwisho ya jedwali, ile ya “hatua haijulikani”. Humo wamo waliokosa nauli ya kurudi kupimwa, waliofariki kabla ya majibu, na ambao faili zao hazikujazwa. Safu hiyo ikiwa nene, asilimia za hatua nyingine zisomwe kwa tahadhari kubwa, hata kama zimechorwa kwa rangi za kupendeza.