Upanga wa Mathayo 10 si wa kumkata ndugu

Kijana ameokoka, hataki tena kula kwa mama yake kwa sababu mama bado anatambika. Ukimuuliza, anafungua Mathayo 10:34: Yesu hakuja kuleta amani, bali upanga. Basi ugomvi wa nyumbani unageuka cheti cha wokovu.

Sivyo. Soma mistari miwili inayofuata: mwana dhidi ya babaye, mkwe dhidi ya mavyaa. Hayo ni maneno ya nabii Mika 7:6, anayelia juu ya jamii iliyooza, hasifu mtu. Luka 12:51, kwenye kauli hiyohiyo, hana upanga, ana mafarakano. Na sehemu kubwa ya Mathayo 10 inawaandaa wanafunzi kukataliwa. Upanga unamjia mwamini. Hakupewa aushike yeye.

Halafu kuna Marko 7. Pale Yesu anawakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 7, anamwambia mwenye mwenzi asiyeamini asimwache, maadamu huyo anakubali kukaa naye.