"Wewe Tundika Tu": Dhana Potofu Zinazotuchosha Waandaaji wa Maonyesho

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Mchoraji kaingia galeri na turubai tatu kwapani, ufunguzi ni kesho jioni, akaziegemeza ukutani na kusema, "Mimi yangu nimemaliza. Wewe tundika tu." Nikamwomba aigeuze ya kwanza tuone mgongo wake. Hakuna pete za kutundikia, hakuna waya, hakuna jina lake wala jina la mchoro. Ya pili kaifunga kwa gazeti, na gazeti limenata kwenye rangi. Ukiinama ungeweza kusoma matokeo ya mpira juu ya anga la buluu. Ya tatu sikuigusa. Harufu ya rangi mbichi ilitosha.

Maneno hayo mawili, "tundika tu", yananiudhi kuliko yote ninayosikia katika kazi hii. Wanayasema wachoraji, wafadhili, hata majirani wenye moyo mwema wanaokuja na nyundo zao kusaidia. Wote wanaamini maonyesho ni ukuta na misumari.

Nianze na ule ubichi. Watu hudhani rangi ya mafuta hukauka kama nguo kwenye kamba. Hapana, hamna maji ya kuondoka pale. Mafuta ya kitani yaliyomo huvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka magumu taratibu, juu kwanza, ndani baadaye. Ndiyo maana unaweza kugusa mchoro kidole kikatoka safi, kumbe chini ya ngozi ile rangi bado ni laini kama siagi. Tabaka jembamba hutaka siku kadhaa, pengine wiki mbili, ndipo liguswe bila kuchafua. Rangi nene iliyopakwa kwa kisu inaweza kudai miezi. Vanishi ya mwisho ndiyo kabisa: desturi ya wachoraji ni kungoja miezi 6 hadi 12. Kwa hiyo usiniambie umeiwekea feni usiku kucha. Rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji, ndiyo hukauka kwa maji kuruka hewani, na kwa saa chache tu. Ukijijua ni mtu wa dakika za mwisho, chora kwa akriliki uniache nilale.

Sasa msumari wenyewe. Jirani mwenye nyundo hupima kwa jicho, na kwa kuwa jicho hukimbilia ukingo wa juu, hupanga fremu zote zilingane juu. Matokeo yake ukuta unafanana na nguo zilizoanikwa. Sisi tunalinganisha vitovu vya michoro, kama sentimita 150 kutoka sakafuni, karibu na usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Tuseme fremu ina urefu wa sentimita 80. Nusu yake ni 40, ijumlishe na 150, unapata 190. Geuza fremu, vuta waya katikati kama utakavyovutwa na msumari, pima kutoka hapo hadi ukingo wa juu: sema ni 8. Toa 8. Msumari unapigwa sentimita 182 kutoka sakafuni. Hesabu hiyo unairudia kwa kila mchoro, maana kila mtu kafunga waya wake alivyopenda. Na afadhali misumari miwili kuliko mmoja. Fremu yenye msumari mmoja hupinda kila mlango unapobamizwa, na mlango wa galeri ya mtaa hubamizwa kutwa nzima.

Kabla ya hapo, michoro yote imekwisha kulala sakafuni chini ya ukuta wake, siku nzima ikiwezekana, tukizunguka na kuihamisha. Turubai kubwa jekundu ukiliweka jirani na mchoro mdogo wa penseli, umeuzima ule wa penseli. Mwenye penseli atakuja siku ya ufunguzi aone watu wanampita, aende nyumbani akidhani kazi yake haina thamani. Kosa si lake, ni la aliyepanga.

Halafu taa. "Ongeza mwanga, watu hawaoni!" Kazi za karatasi, hasa za rangi ya maji, kiwango kinachofuatwa na makumbusho ni luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), rangi ya mafuta huvumilia kama 200. Mwanga hufifisha rangi, na madhara yake hujumlishwa: karatasi haipumziki usiku ikapona. Kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno husaidia, ila hakimalizi tatizo. Ukitaka mchoro wako wa rangi ya maji ukae mkabala na dirisha la jua kwa mwezi mzima, nitakataa, na tusibishane.

Mengine nayapitia haraka.

"Galeri inakula jasho la msanii." Kwenye galeri za biashara kugawana pesa ya mauzo nusu kwa nusu ni jambo la kawaida, za jamii mara nyingi huchukua pungufu. Katika fungu hilo mna taa, bima, lebo, na mtu wa kukaa mlangoni siku mvua inanyesha na hakuna anayekuja. Kinachoniuma mimi ni msanii anayemnong'oneza mteja aliyempata ndani ya galeri: "Njoo nyumbani nikupunguzie." Tunajua. Huwa tunajua.

"Kazi yangu imekataliwa, basi ni mbaya." Mara nyingi tumeishiwa ukuta, basi. Mwaka 1863 jopo la maonyesho rasmi ya Paris lilikataa kazi kwa maelfu, malalamiko yakazidi hadi mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, akaamuru zilizokataliwa zionyeshwe pembeni. Miongoni mwao zilikuwamo za Manet, mchoraji aliyekuja kuwa mashuhuri. Hiyo haina maana kwamba kila tunayemkataa ni Manet.

"Nimeununua, ni wangu, nitauchapa kwenye fulana." Umenunua kitu, hukununua hakimiliki. Hiyo hubaki kwa msanii isipokuwa ameiachia kwa maandishi, na chini ya Mkataba wa Berne wa 1886 hudumu walau miaka 50 baada ya kifo chake kwa kazi nyingi.

"Mimi sielewi sanaa, nitaingia kufanya nini?" Ingia. Hakuna mtihani. Ila usije usiku wa ufunguzi kama unataka kuona michoro. Usiku ule utaona migongo ya watu na sahani za vitafunio. Njoo Jumatano mchana, chagua mchoro mmoja, simama nao dakika kumi.

Na kuna hii ya mwisho, kwamba maonyesho yakifungwa kazi imekwisha. Mkataba wetu una tarehe ya kuchukua kazi, imeandikwa kwa herufi nzito, na msanii ameweka sahihi chini yake. Stoo yangu sasa ina turubai 11. Moja ina mbuzi watatu juu ya kichuguu, imeegemea ngazi kwa mwaka wa pili, na kila nikihitaji ngazi huwahamisha mbuzi kwanza. Mgongoni hakuna jina.