Kelele za Breki kwenye Gari la Umeme: Anza na Kutu Kabla ya Kununua Spea

Magari mengi ya umeme yanayoletwa gereji hapa Mombasa kwa malalamiko ya breki zinazolia huwa na pedi nene (pedi ni vile vibao vinavyoibana diski ya gurudumu ili gari lisimame), ambazo kwenye gari la petroli zingehesabiwa kuwa bado changa kabisa. Mwenye gari huwa ameshaambiwa kwingine kwamba pedi zimekwisha, na pengine ameshanunua seti nzima, kisha kelele ikarudi baada ya wiki chache. Ninaandika kwa sababu fedha nyingi za watu zinapotea kwa njia hiyo, na kwa sababu sehemu kubwa ya kelele hizo hutokana na breki kutotumika vya kutosha, jambo ambalo si rahisi limjie akilini fundi aliyelelewa na injini.

Dereva wa gari la umeme anapoinua mguu au kukanyaga breki taratibu, mota iliyokuwa ikizungusha magurudumu hugeuka kuwa jenereta. Sasa magurudumu ndiyo yanayoizungusha, umeme unaozalishwa unarudi kwenye betri, na ukinzani wa kuzalisha umeme huo ndio unaopunguza mwendo wa gari. Chukua mfano wa Nissan Leaf, ambalo ndilo gari la umeme ninalolishughulikia zaidi. Uzito wake ni takriban kilo 1,500, kwa hiyo likienda kilomita 60 kwa saa huwa na nishati ya mwendo ya kama kilojuli 208. Likisimamishwa polepole kwa sekunde 10, kazi yote hiyo ni wastani wa kilowati 21, na sehemu yake kubwa mota huibeba yenyewe. Pedi huja kuibana diski sawasawa mwishoni tu, gari likikaribia kusimama, au pale dereva anapolazimika kukanyaga kwa nguvu.

Diski yenyewe ni chuma cha kusubu, na uso wake hauwezi kupakwa rangi kwa kuwa ndio unaosuguliwa. Kwenye gari la petroli, msuguano wa kila siku huondoa kutu kabla haijapata nafasi. Kwenye gari la umeme linaloendeshwa kwa utulivu, kutu hupata siku nyingi za kuchimba, na hewa yetu ya pwani, yenye unyevu na chumvi, huisaidia sana. Tena magari haya hayaanzi safari yakiwa mapya. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajazidi miaka 8, na gari la namna hiyo huwa limekaa kwenye yadi za mnada Japani, likapita wiki kadhaa baharini, kisha likasubiri tena bandarini, muda wote huo pedi zikiwa zimelala mahali pamoja juu ya diski. Yale yaliyotoka sehemu za kaskazini mwa Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, huonekana mara moja ukilala chini ya gari na tochi.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili. Volkswagen ilipotoa ID.3 na ID.4 iliweka breki za dramu nyuma, yaani zilizofungwa ndani ya ngoma ya chuma, na watu wengi wakalalamika kwamba kampuni inabana matumizi kwa kurudisha teknolojia ya zamani. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa sahihi: breki za nyuma za gari la umeme hufanya kazi kidogo mno, na dramu huzifunika zisipigwe na maji na vumbi.

Kabla sijafungua gurudumu lolote humwuliza mwenye gari maswali: kelele inasikika lini, inafanana na nini, na inabadilika vipi ukikanyaga? Majibu yake huniokolea nusu ya kazi. Mkwaruzo wa asubuhi, hasa baada ya mvua au baada ya gari kuoshwa jioni, ambao huisha baada ya kusimama mara tatu au nne, ni kutu nyepesi iliyoota usiku, na hauhitaji fundi. Mluzi mwembamba unaosikika gari likikaribia kusimama ni mtetemo wa pedi dhidi ya diski. Mara nyingi uso wa pedi umekuwa laini na wa kung'aa kwa kukosa joto na msuguano wa kutosha, au vile vibati vya nyuma ya pedi vya kuzuia mtetemo vimetupwa na fundi aliyetangulia akidhani havina kazi. Mlio unaokuja na kuondoka kwa mzunguko wa gurudumu, shuu, shuu, shuu, unaonyesha kwamba diski ina doa la kutu lenye umbo la pedi, au imelika bila usawa. Mlio mmoja wa kugonga, ko!, unapobadilisha kutoka kwenda mbele hadi kurudi nyuma, ni pedi inayocheza ndani ya kishikilio chake.

Msago mzito wa chuma juu ya chuma hauna mjadala. Gari hilo lisiendeshwe tena mpaka lifunguliwe.

Ziko pia kelele ambazo si za breki hata kidogo, na gari la umeme huzifichua kwa sababu hakuna injini ya kuzifunika. Jiwe dogo likinaswa kati ya diski na kile kibati cha kuzuia vumbi hupiga yowe la kutisha, nalo hutolewa kwa dakika chache. Kwa barabara zetu za vumbi na kokoto hilo ni la kawaida sana. Beringi ya gurudumu iliyochoka huvuma hata usipokanyaga breki. Muungurumo mfupi unaotoka upande wa mbele mara unapokanyaga unaweza kuwa ni ile pampu ya umeme inayosaidia breki ikifanya kazi yake ya kawaida.

Sasa tufungue gurudumu. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni fundi kuchungulia pedi ya nje kupitia matundu ya ringi, akaiona nene, akatangaza kwamba breki ni nzima. Pedi ya ndani, inayosukumwa na pistoni, haionekani kwa njia hiyo, na ndiyo inayoweza kuwa imekwisha wakati mwenzake hajaguswa. Sababu yake huwa pini ambazo kalipa, yaani kile kifaa chenye pistoni kinachozibana pedi, hutelezea juu yake. Grisi ikikauka, kalipa inakwama, na upande mmoja unabeba mzigo wa pande zote mbili. Mahali pa pili pa kutazama ni masikio ya pedi, yaani zile ncha mbili zinazokaa kwenye mifereji ya kishikilio. Mifereji hiyo ina vipande vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, lakini kishikilio kilicho chini yake hushika. Kutu hiyo huvimba, husukuma kile kipande juu, nafasi hubana, na pedi haiwezi tena kurudi nyuma dereva anapoachia. Ukiisukuma kwa kidole haitikisiki, na wakati mwingine lazima uigonge kwa nyundo itoke. Mtu akiweka pedi mpya juu ya kutu ileile, zitabanwa vilevile, na kelele itarudi.

Tiba yake haina gharama kubwa, inataka subira. Vipande vile hung'olewa, kishikilio hukwanguliwa kwa brashi ya waya na tupa mpaka chuma safi kionekane, vipande vipya au vilivyosafishwa hurudishwa, na pedi hujaribiwa kwa mkono hadi iteleze bila kulegea. Pini husafishwa na kupakwa grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mipira, na mafuta ya taa huiharibu kabisa. Uso wa pedi uliong'aa husuguliwa kwa msasa juu ya ubao ulionyooka. Naomba sana mtu yeyote asikubali gari lake linyunyiziwe mafuta, dizeli au dawa ya kulegeza nati kwenye diski ili kelele inyamaze. Inanyamaza kweli, na breki nayo inapotea, kwa sababu pedi hunyonya mafuta hayo na haifai tena.

Kuhusu usalama wa fundi, kazi hii haigusi nyaya za rangi ya chungwa, zile zinazobeba umeme mkali wa betri, na zisiguswe. Gari lizimwe kabisa, ufunguo uwekwe mbali, na jeki iwekwe kwenye sehemu zilizoandaliwa pembeni, kamwe isiwekwe katikati ya sakafu kwa kuwa hapo ndipo betri ilipo. Gari lenye breki ya kuegesha ya umeme lazima kwanza liwekwe katika hali ya matengenezo, kwa mashine ya kusomea kompyuta yake au kwa utaratibu uliomo kwenye kitabu cha gari, kabla ya kurudisha pistoni ya nyuma. Ukiisukuma kwa nguvu unavunja mota ndogo iliyomo ndani. Mafuta ya breki nayo husahaulika kwa sababu pedi hukaa muda mrefu bila kwisha. Hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limesimama, na mafuta ya DOT 3 ambayo yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi yanaweza kushuka hadi nyuzi 140 yakishalowana. Kwa magari ya pwani mimi hupendekeza yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Dereva mwenyewe anaweza kuzuia mengi ya haya. Mara moja kwa wiki, kwenye barabara iliyonyooka, kavu na isiyo na magari nyuma yako, fikisha mwendo wa kilomita 60 kwa saa, weka gia kwenye N, kisha kanyaga breki imara mpaka mwendo ushuke hadi kama 20. Rudisha D, rudia mara chache. Kwenye Leaf, gia ikiwa kwenye N mota hairudishi umeme, kwa hiyo kazi yote inaangukia pedi na diski. Usifanye hivyo kwenye mteremko wala kwenye foleni. Asiyependa kugusa gia njiani anaweza kutumia asubuhi ambayo betri imejaa: wakati huo mfumo hupunguza umeme unaorudishwa, na breki za kawaida hufanya kazi zaidi. Baada ya kuosha gari, zunguka nalo kidogo ukikanyaga breki zikauke kabla ya kuliegesha.

Kuna wakati ambapo spea lazima zinunuliwe. Pedi ikibaki milimita 3 ibadilishwe. Diski ina kipimo cha unene wa chini kabisa, ambacho kwa kawaida huchongwa kwenye diski yenyewe. Ukipitisha ukucha ukasikia mashimo, au ukaona mkanda mpana wa kutu ambao haufutiki hata baada ya kukanyaga mara nyingi, ichongwe ikiwa unene unaruhusu au itolewe, na daima ya kushoto na ya kulia ziende pamoja. Pedi mpya nazo zinahitaji kuzoeshana na diski kwa joto la kukanyaga breki mara nyingi kwa nguvu ya wastani, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia, kwani gari la umeme likikabidhiwa na kuendeshwa kistaarabu tangu siku ya kwanza, mota itachukua kazi yote na pedi hazitazoeana na diski kamwe. Kwa hiyo kabla ya kumrudishia mteja gari lake hulitoa barabarani mwenyewe na kuzizoesha pedi gia ikiwa kwenye N, kisha humwomba aendelee hivyo kwa wiki mbili za mwanzo.