Nimekula chumvi nyingi, mwanangu

Mwaka jana niliitwa kumtafsiria daktari mgeni katika hospitali moja hapa Kigoma. Nilikuta kijana wa mapokezi ameshanitangulia. Bibi, alipoulizwa umri, alijibu, "Nimekula chumvi nyingi, mwanangu," na kijana akaipeleka hivyo hivyo kwa Kiingereza. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika ushauri wa presha. Bibi alimaanisha tu kwamba ameishi miaka mingi.

Tangu siku hiyo neno "salt" nalifundisha taratibu. Waingereza nao wana "old salt", lakini huyo ni baharia mkongwe, aliyekaa sana kwenye maji ya bahari. Bibi wa watu hajawahi kuiona bahari.

Panaponivutia zaidi ni kwenye kutia chumvi. Kwetu chumvi huitia msimulizi: mvuvi kavua migebuka kumi, akifika sokoni wamekuwa mia. Mwingereza ukimwambia "he added salt", atafikiria sufuria. Kwake chumvi anayo msikilizaji. Akiletewa habari asiyoiamini sana, huipokea na "a pinch of salt", chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Huku chumvi inakuza habari, kule inaipunguzia uzito. Ukitafsiri bila kuangalia nani ameishika, umegeuza maana yote.

Hata "salary" ina chumvi ndani: ni salarium ya Kilatini, kutoka sal. Husimuliwa kwamba askari wa Kirumi walilipwa chumvi, ila maandishi ya zama zao hayasemi hivyo, kwa hiyo darasani siifundishi. Mshahara wetu umetoka kwenye neno la Kiarabu la mwezi. Saladi, sosi na soseji, hayo yote asili yake ni vitu vilivyotiwa chumvi.

Bibi yule ni mzaliwa wa Uvinza, ambako maji ya chemchemi karibu na mto Malagarasi yamechemshwa kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Nilipomweleza daktari maana ya maneno yake, alifuta alichoandika. Bibi naye akanisimulia mama yake alivyokaa jikoni akichochea kuni, maji yakipungua chunguni mpaka ukabaki ukoko mweupe, na wao watoto wakigombania kuukwangua.